Dawa na Wakati Wake

Mtu akipewa dawa huuliza maswali mawili: hii ni dawa gani, na kiasi chake ni kipi? Swali la tatu, ambalo ni la wakati, wengi hulisahau. Hudhani kwamba maadamu dawa imeingia mwilini, saa ya kuitumia na siku za kungoja baina ya kipimo na kipimo ni jambo dogo. Historia yatufundisha kinyume chake. Wakati ni sehemu ya dawa, kama maji yalivyo sehemu ya uji. Dawa ileile yaweza kuponya ikitolewa kwa nafasi inayofaa, na yaweza kupofusha au kuua kipimo kikizidishwa na nafasi ikifupishwa. Mwambao wa Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, ni mahali pamojawapo ambapo wanadamu walijifunza somo hili, nao walilinunua kwa bei kubwa.

Mwezi wa Desemba 1901 reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa Ziwa, mahali ambapo Waingereza walipaita Port Florence, nasi twapaita Kisumu. Wakati ule Kisumu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda; mwaka 1902 ndipo ilipohamishiwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Meli zilianza kuvuka kwenda Entebbe na Mwanza, na watu wengi waliuona mwanzo wa zama mpya za biashara. Lakini katika mwaka uleule wa 1901, madaktari wawili ndugu, Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo huko Uganda, walianza kuona wagonjwa wenye maradhi ambayo hawakuwa wamepata kuyaona pale. Mgonjwa alipata homa zisizokoma, tezi za shingo zikamvimba, kisha baada ya miezi au miaka akawa anasinzia mchana na kukesha usiku. Mwishowe alishindwa hata kula, akafa. Haya yalikuwa malale, yaani ugonjwa wa usingizi.

Habari za msiba huu zilifika Uingereza, na wataalamu wakatumwa. Mwishoni mwa mwaka 1902 Aldo Castellani, tabibu wa Kiitalia, aliona kwa hadubini vijidudu vidogo vyenye umbo la nyoka katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 David Bruce na wenziwe walionyesha kwamba vijidudu hivyo huchukuliwa na mbung'o, nzi mwenye kunyonya damu, ambaye hupenda vichaka vya kando ya maji. Basi kila mvuvi aliyevuta mtumbwi wake pwani, kila mwanamke aliyekwenda kuteka maji, na kila mtoto aliyeoga ziwani, alikuwa mbele ya hatari.

Inakadiriwa kwamba katika mwambao wa Uganda peke yake watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Ugonjwa ulienea pia upande wa mashariki, ukaingia Nyanza, kutoka Samia kaskazini hadi Gwassi kusini. Jamaa nyingi ziliacha makaburi ya wazee wao na mashamba yao yenye rutuba, zikahamia bara. Mahali kama bonde la Lambwe palibaki karibu bila watu. Vichaka vikaota penye viwanja vya nyumba, na wanyama wa mwitu wakarudi. Yule aliyekwisha kuugua hakuwa na tumaini, kwa maana hapakuwa na dawa.

Katika hali hiyo dawa moja ilitokea, na watu wakaipokea kama mtu aliyepotea jangwani apokeavyo maji. Iliitwa Atoxyl, jina lenye maana ya kitu kisicho na sumu. Jina hilo halikuwa kweli. Atoxyl ilikuwa imetengenezwa zamani, katika karne ya 19, na Antoine Béchamp, mwanakemia wa Ufaransa, na ndani yake mlikuwa na aseniki, sumu kali ambayo watu wameitumia kuulia panya. Ilikuwa na sumu kidogo kuliko aseniki tupu, na hiyo ndiyo sababu ya jina lake. Mwaka 1905, Wolferstan Thomas na Anton Breinl, waliokuwa wakifanya kazi Liverpool, walionyesha kwamba Atoxyl huua vijidudu vya jamii ya malale katika miili ya wanyama. Sasa likabaki swali: je, itamfaa mwanadamu?

Aliyekuja kulijibu swali hilo kandokando ya Ziwa alikuwa Robert Koch, tabibu wa Kijerumani aliyekuwa na sifa duniani kote, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905 kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Mwaka 1906 aliweka kambi katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda, kwa idhini ya serikali ya Kiingereza. Wagonjwa walimjia kwa mitumbwi na kwa miguu, wengine wamebebwa. Katika muda wa kazi yake pale zaidi ya wagonjwa elfu moja walipata sindano ya Atoxyl.

Hapo ndipo swali la wakati lilipojitokeza waziwazi. Koch alitoa maji kutoka katika tezi za shingo za wagonjwa, akayatazama kwa hadubini kabla ya sindano na baada yake. Aliona kwamba baada ya saa chache vijidudu vilitoweka. Lakini havikutoweka daima. Kwa wagonjwa wengi vilijificha, kisha nguvu ya dawa ilipopungua vikarudi. Kwa hiyo sindano moja haikutosha, hata ingekuwa nzuri namna gani. Baada ya majaribio Koch alishika utaratibu huu: nusu gramu leo, nusu gramu kesho, kisha kungoja siku 10, ndipo kurudia, na kuendelea hivyo kwa miezi kadhaa.

Mwanafunzi aliyekulia kandokando ya Nyanza ataelewa jambo hili kwa mfano wa mtumbwi unaovuja. Mvuvi aliye katikati ya Ziwa hafui maji mara moja tu kisha akalala. Maji yataingia tena na mtumbwi utazama. Wala hafui kwa pupa na hasira mpaka akavunja mbao za mtumbwi wenyewe, kwa maana hapo atakuwa ameuharakisha msiba alioukimbia. Hufua kwa kiasi, tena hufua kwa nafasi, akiangalia maji yanaingia kwa kasi gani na mbao zina nguvu gani. Vijidudu vya malale ni maji yanayoingia. Mwili wa mgonjwa ni mtumbwi. Dawa inayokawia mno huacha vijidudu virudi. Dawa inayokuja upesi mno hukuta sumu ya jana ingali mwilini, ikaongezeka juu yake, mpaka mwili ukashindwa.

Kwa bahati mbaya hilo la pili ndilo lililotokea. Koch hakuridhika na uponyaji wa polepole. Alitaka kuvimaliza vijidudu vyote kwa nguvu, akaongeza kipimo hata kikafika gramu nzima, akitoa sindano kwa nafasi ya siku 7 au 8. Wagonjwa walilalamika maumivu, kichefuchefu na kizunguzungu. Kisha wengine wakaanza kuona giza. Kwanza ilidhaniwa kwamba giza hilo litapita. Halikupita. Wagonjwa 22 walipofuka kabisa, nuru ya macho yao isirudi tena. Dawa ilikuwa imeharibu mshipa unaochukua mwanga kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Koch akaacha vipimo vikubwa, akarudi kwenye nusu gramu.

Tutamhukumuje mtu huyu? Haitatufaa kumfanya shetani, wala haitatufaa kumtetea kwa sababu ya umaarufu wake. Ni kweli kwamba bila dawa karibu wagonjwa wote wale wangekufa. Ni kweli pia kwamba hakuna aliyejua kwa hakika kipimo kilicho salama. Lakini dalili zilitangulia upofu: watu walikuwa wakiugua baada ya sindano, na mwenye kupima kwa hadubini alipaswa kupima pia malalamiko ya mgonjwa. Zaidi ya hayo, wagonjwa walikuwa watu wanyonge, chini ya utawala wa kigeni, na uamuzi wa kuongeza sumu katika miili yao haukuwa wao. Yule aliyefanya haraka hakuwa yule aliyelipa gharama ya haraka. Majina ya wale 22 hayakuwekwa katika vitabu kama lilivyowekwa jina la Koch, lakini kila tabibu aliyejua baadaye mpaka wa dawa hii aliujua kwa macho yao.

Mtu angetumaini kwamba habari kama hii haingetokea tena. Ilitokea. Katika miaka ya 1920 dawa nyingine yenye aseniki, iitwayo triparsamidi, iliyotengenezwa Marekani, ilianza kutumiwa Afrika. Huko Bafia katika nchi ya Kameruni, baina ya mwaka 1928 na 1930, daktari kijana aliyekuwa na hamu ya kumaliza ugonjwa upesi aliongeza kipimo mara mbili ya kile kilichoamriwa. Watu wapatao 700 walipofuka. Eugène Jamot, tabibu wa Kifaransa aliyekuwa mkuu wa kazi hiyo na aliyeokoa maisha ya watu wengi, alibebeshwa lawama. Hivyo kosa lililoonekana visiwani Sese lilirudiwa mbali na Ziwa, kwa sababu lilelile: kudhani kwamba ukizidisha dawa utafupisha muda.

Turudi sasa Nyanza. Malale hayakwisha kwa vifo vya mwanzo wa karne. Katika miaka ya 1940 na baadaye, aina nyingine ya ugonjwa huu, iliyo kali na yenye mwendo wa haraka, ilionekana mwambaoni. Aina ya zamani humchukua mtu miaka. Hii huweza kumuua kwa miezi michache. Mwaka 1958 watafiti walitangaza kwamba wameikuta katika damu ya pongo aliyewindwa Nyanza, na mwaka 1966 ikatangazwa kwamba imeonekana hata katika ng'ombe wa Alego. Kwa hiyo ilijulikana kwamba wanyama huutunza ugonjwa hata pale ambapo hakuna mtu mgonjwa. Huko Alego, mwaka 1964, ugonjwa ulizuka katikati ya vijiji, kwa maana mbung'o walikuwa wamepata makao katika vichaka vilivyozunguka nyumba za watu.

Wagonjwa wa wakati huo walikuwa na dawa bora kuliko Atoxyl, na kila moja ilikuwa na kalenda yake. Ya kwanza ni suramini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1916 na kutumiwa kabla vijidudu havijaingia katika ubongo. Hii hukaa mwilini kwa majuma mengi, kwa hiyo sindano moja kwa juma, kwa muda wa majuma matano hivi, hutosha. Ya pili ni melasoproli, iliyoletwa na Ernst Friedheim mwaka 1949 kwa wagonjwa ambao ubongo wao umekwisha kushikwa. Ndani yake mna aseniki, nayo huchoma mshipa kama moto. Mgonjwa alipata sindano kwa siku tatu au nne zinazofuatana, akapumzishwa juma zima au zaidi, kisha akarudia, mpaka awamu tatu au nne zikatimia. Hata hivyo, katika kila wagonjwa 100 waliopewa dawa hii, 5 hivi waliuawa na dawa yenyewe. Hospitali ya Alupe, karibu na Busia, ndiyo iliyokuwa kimbilio la wagonjwa wa malale wa Kenya, na wauguzi wake walijua kwamba siku za mapumziko zilihesabiwa kwa uangalifu uleule kama siku za sindano.

Lakini je, mapumziko hayo yalikuwa ya lazima? Hapa historia yatupa somo la upande wa pili. Kwa karibu miaka 50 watu walifuata kalenda ile kwa sababu waliikuta. Katika miaka ya 1990 Christian Burri na wenziwe wa Basel, Uswisi, walipima kiasi cha melasoproli katika damu ya wagonjwa saa kwa saa na siku kwa siku, wakaona kwamba nafasi ndefu zile hazikuwa na msingi madhubuti. Wakapendekeza sindano moja kila siku kwa siku 10 bila mapumziko. Jaribio kubwa lilifanywa Angola, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2000. Baadaye, kuanzia mwaka 2006, utaratibu huo ulijaribiwa Tanzania na Uganda kwa aina kali ya ugonjwa, ileile iliyoisumbua Nyanza. Wagonjwa walipona sawasawa na zamani, na muda wa kulazwa hospitalini ukapungua kutoka siku 29 hadi siku 13 hivi. Hatari ya dawa kudhuru ubongo haikuondoka, lakini mkulima aliweza kurudi shambani mapema. Angalieni, basi: Koch alifupisha muda kwa tamaa, na watu wakapofuka, hawa walifupisha muda kwa kupima, na watu wakafaidika. Kufupisha kwenyewe si kosa, wala kurefusha kwenyewe si busara. Kosa ni kubadili wakati wa dawa bila kujua dawa inafanya nini katika wakati huo.

Siku hizi mgonjwa wa malale aweza kutibiwa kwa vidonge vya feksinidazoli. Humezwa mara moja kila siku kwa siku 10: siku 4 za kwanza kwa kipimo kikubwa, na siku 6 zinazobaki kwa kipimo kidogo. Tena ni sharti vimezwe baada ya chakula, kwa maana tumboni mwa mwenye njaa dawa haiingii damuni ya kutosha. Hata katika kidonge chepesi hivi, saa ya mlo imekuwa sehemu ya tiba. Nchini Kenya mtu wa mwisho kuambukizwa ndani ya nchi alionekana mwaka 2009, na mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma wa Kenya. Ardhi iliyokimbiwa sasa ina shule na masoko.

Mpaka hapa tumesema juu ya siku na majuma. Lakini sheria ni ileile hata pale muda unapohesabiwa kwa dakika. Mwaka 1901, mwaka uleule reli ilipofika Kisumu, Jokichi Takamine, mwanakemia wa Kijapani aliyekaa Marekani, alitangaza kwamba ameipata adrenalini ikiwa safi. Leo mtu akianguka na moyo wake ukasimama, mhudumu wa gari la wagonjwa, awe Kisumu au London, hufundishwa kumpa miligramu moja ya adrenalini kila baada ya dakika 3 hadi 5, huku mwenzake akikandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika. Akikawia, damu haiendi moyoni kwa nguvu ya kutosha. Akiharakisha mno, moyo unaopigania uhai hulemewa. Ndiyo maana mmoja wa wahudumu huwekwa kutazama saa na kuandika.

Na hata hapa kazi ya kupima haijaisha. Jaribio moja kubwa la Uingereza, lililotangazwa mwaka 2018, lilichukua wagonjwa zaidi ya 8,000 ambao mioyo yao ilisimama nje ya hospitali. Katika waliopewa adrenalini, 3.2 kwa kila 100 walikuwa hai baada ya siku 30. Katika wasiopewa, 2.4. Adrenalini ilikuwa imeokoa maisha. Lakini miongoni mwa waliopona kwa adrenalini, wengi zaidi walitoka hospitalini wakiwa na madhara makubwa ya ubongo. Swali la visiwa vya Sese limerudi, kwa sura nyingine: mtu akirudishiwa uhai, anarudi akiwa na nini? Tofauti ni kwamba safari hii swali limeulizwa mapema, limepimwa kwa haki, na jibu limewekwa mbele ya watu wote.

Msomaji kijana asidhani kwamba mambo haya ni ya matabibu tu. Mwambao wa Nyanza ungali una malaria, na dawa yake ya kawaida hutolewa kwa vipimo sita katika siku tatu. Kipimo cha pili chatakiwa saa 8 baada ya cha kwanza, na vingine vyote asubuhi na jioni mpaka vimalizike, hata kama homa imekwisha shuka siku ya pili. Mara nyingi mama huwa shambani au sokoni, na mtoto mkubwa anayesoma shule ndiye anayebaki na mgonjwa nyumbani. Mtoto huyo akiitazama saa, akampa mdogo wake chakula kidogo, akampa na kidonge wakati wake ulipofika, anafanya kazi ambayo kanuni yake iligunduliwa kwa taabu nyingi kando ya Ziwa lilelile analoliona kutoka mlangoni mwao.